Lafudhi na Mapenzi katika Michezo ya Mfululizo ya Televisheni ya Kenya

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, tangu Farouk Topan alipohariri Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili mwaka 1971, umefungamana na maandishi, kama jina la mkusanyo huo linavyodokeza. Riwaya, ushairi na tamthilia zilizopigwa chapa zimepata wachambuzi wake. Hata ngano na nyimbo za jando zimepata. Lakini mchezo wa televisheni, utanzu unaowafikia hata wale ambao hawajafungua riwaya tangu walipoaga shule, umeachiwa kurasa za burudani za magazeti. Sababu moja ni kwamba mhakiki hana kitabu cha kushika mkononi. Mimi sijaona muswada hata mmoja wa Vitimbi au wa Vioja Mahakamani uliopigwa chapa kwa ajili ya wanafunzi. Sababu ya pili, ambayo hatuisemi sana, ni haya: mwalimu wa Chuo Kikuu huona vigumu kukiri kwamba naye huketi jioni kungoja kujua nani atamwoa nani.

Wamarekani waliuita utanzu huu kwa jina la sabuni, kwa kuwa watengenezaji wa sabuni ndio waliogharimia michezo ya redio ya mchana iliyolengwa akina mama majumbani. Mmojawapo, Guiding Light, ulianza redioni mwaka 1937, ukaingia televisheni mwaka 1952, na haukukoma ila mwaka 2009. Hapa nitauita mchezo wa mfululizo, sabuni tuwaachie wenyewe. Nitaingiza humo pia vichekesho vya kila juma, ingawa kila kipindi chake humaliza kisa chake, kwani wahusika ni walewale mwaka hadi mwaka, na hilo ndilo linalotuhusu.

Katika tamthilia ya jukwaani mhusika hujulikana kwa matendo yake, maana ana saa mbili tu za kutenda. Katika mchezo unaodumu miaka, matendo husahauliwa. Nani leo aweza kuhesabu hila zote za Mzee Ojwang'? Kinachobaki ni sauti. Mtazamaji huishi na sauti hiyo sebuleni kama anavyoishi na sauti ya jirani nyuma ya ukuta. Kwa hiyo lafudhi, ambayo katika tamthilia ya jukwaani ni pambo, katika mchezo wa mfululizo ni kiini cha usawiri wa wahusika, na mhakiki hana budi kuuliza lafudhi ipi imepewa kazi gani.

Tuanze na Vitimbi. Mzee Ojwang' Hatari alizungumza Kiswahili chenye Kijaluo kizito, lakini mwigizaji wake, Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mgikuyu. Mama Kayai, mkewe mchezoni, aliigizwa na Mary Khavere, Mluhya. Lafudhi ile basi ilikuwa barakoa, iliyovaliwa kwa ufundi mkubwa, na watazamaji walijua. Hili lafaa kukumbukwa na wanaodai kwamba michezo hii ilinasa tu Kiswahili kama kisemwavyo na makabila. La, ilikibuni. Ilichagua sifa chache za matamshi, ikazikuza, ikazifanya nembo.

Barakoa ya Mkamba iliitwa Masaku, jina la mzee maarufu ambalo wageni walilitamka vibaya wakapata Machakos. Kikamba hakina sauti /r/, na barabara kinywani mwa mzee wa Katangi, huko Yatta, yaweza kuwa balabala bila mtu yeyote sokoni kugeuza kichwa. Mhusika yuleyule akionekana katika televisheni, iwe nyumbani au katika hoteli ya soko, Wakatangi hao hao hucheka. Hucheka kwa kuwa wamejitambua, na pia kwa kuwa wamefundishwa kwamba huko kujitambua ni jambo la kuchekwa. Vicheko hivi viwili hutoka katika koo moja, na si rahisi kuvitenga.

Hapa mwanaisimu ana haki ya kupinga. Mzaliwa wa Mombasa asemapo ndia badala ya njia, naye ameiacha njia ya Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja, sawasawa na Mkamba aliyeiacha kwa kusema balabala. Hakuna amchekaye. Tunasema hiyo ni Kimvita, lahaja ya washairi, na tunamtaja Muyaka. Najua watu wataniambia kwamba Kimvita ni lahaja ya wenye lugha na balabala ni athari ya lugha ya kwanza ya mjifunzaji. Ni kweli kwa mzee wa zamani. Lakini mtoto wa Katangi anayezungumza Kiswahili tangu utotoni, darasani na sokoni, ni mjifunzaji hadi lini?

Vioja Mahakamani kwa upande mmoja ulikuwa mchezo wa haki: kesi iliendeshwa kwa Kiswahili tangu mashtaka hadi hukumu, nasi twajua kwamba mahakama za chini za Kenya huruhusu Kiingereza na Kiswahili ilhali lugha ya mahakama za juu ni Kiingereza. Ondiek Nyuka Kwota, Makokha na Masanduku arap Simiti walisimama kizimbani wakajitetea kwa Kiswahili chao, wakapata nafasi ya kuzungusha maneno ambayo wengi wetu hatungeipata mbele ya hakimu wa kweli. Lakini kicheko kilishuka chini tu, kwa mshtakiwa. Sikumbuki kikipanda hadi kwenye kiti cha hakimu. Lafudhi nzito ilikuwa kizimbani, Kiswahili chepesi kilikuwa upande wa serikali. Linganisha na kesi za Mwakenya za mwaka 1986 na 1987, ambapo watu waliletwa mahakamani jioni, saa ambazo mahakama hufungwa, wakakiri upesi na kufungwa. Nchi iliyokuwa ikichekea mahakama ya televisheni ilikuwa na mahakama nyingine isiyochekesha. Simlaumu mwandishi aliyefanya kazi katika Sauti ya Kenya ya miaka ile kwa kutothubutu. Nasema tu kwamba mpangilio wa sauti haukuwa wa kisanaa peke yake.

Tushauriane, ulioonyeshwa mwaka 1987, ulifuata njia ya Miguel Sabido wa Mexico, aliyetumia mchezo wa mfululizo kufundisha uzazi wa mpango. Hapo lafudhi ilipungua na nasaha zikazidi. Dhamira yake haina ubaya, ila wahusika waliozaliwa ili kutoa ushauri ni shida kuwapenda, na sina mengi ya kusema juu yao.

Mapenzi yenyewe yalikuja na Tausi katika miaka ya 1990, na yalikuja yakisema Kiswahili cha pwani, au tuseme kile ambacho mtu wa bara hukidhania kuwa cha pwani: laini, chenye methali, kisicho haraka. Tangu hapo mgawanyo wa kazi umekuwa kama sheria isiyoandikwa. Lafudhi ya bara huchekesha, kulinda lango na kulipwa mshahara mdogo, kama alivyofanya Papa Shirandula, bawabu wa Charles Bukeko aliyeificha kazi yake kwa suti. Kiswahili cha pwani hupenda, hulia na hurithi. Ni kweli kwamba Ojwang' na Mama Kayai walikuwa mume na mke, tena ndoa yao ndiyo nguzo ya mchezo wote. Lakini ndoa yao ilikuwa uwanja wa hila na magomvi, na kama walipendana, ilitubidi tukisie.

Haikuwa lazima iwe hivi. Tamthilia za Kiswahili zilizotokana na Shule ya Alliance katika miaka ya 1950, kama Nakupenda, Lakini... ya Henry Kuria na Nimelogwa, Nisiwe na Mpenzi ya Gerishon Ngugi, ziliandikwa na vijana wa bara, kwa Kiswahili chao cha bara, na majina yake yatosha kuonyesha walikuwa wakiandika juu ya nini. Wahakiki wamezilaumu kwa udhaifu wa msuko, wala hawakukosea. Hata hivyo vijana wale hawakuomba ruhusa ya Mombasa ili wapende. Nako Uingereza, Tony Warren alipoanzisha Coronation Street mwezi Desemba 1960, aliwapa watu wa kaskazini, ambao lafudhi yao ilizoeleka kwa vichekesho, haki ya kufiwa na kutalikiana kwa lafudhi hiyohiyo. Wakubwa wa stesheni walisita. Mchezo huo ungali ukionyeshwa.

Citizen TV ilipoonyesha Maria kuanzia Oktoba 2019 hadi Januari 2021, msuko wake ulitoka mbali: maskini wa mtaani anayeingia katika jumba la tajiri alikuwa amekwisha kuifanya Mexico ilie mwaka 1979 na tena mwaka 1995. Wakati wake ulikuwa wetu. Tangu Machi 2020 shule zilifungwa, kafyu iliwaweka watu ndani, na taarifa ya habari ya jioni ilihesabu wagonjwa na waliokufa. Hesabu ikiisha, Maria alianza. Mmoja wa watayarishaji wake, Lulu Hassan, ni msomaji wa taarifa hiyo ya Kiswahili, pamoja na mumewe Rashid Abdalla, mtayarishaji mwenziwe. Mdomo uliotusomea msiba na mkono uliotuletea mapenzi ulikuwa wa mtu mmoja, tena kwa Kiswahili cha aina moja, fasaha na cha pwani. Katika Maria lugha ya mtaani ilipata kupendwa, na hiyo ni hatua kubwa kuliko Tausi. Lafudhi ya shamba haikupata. Sultana, ulioanza mwaka 2022, ulirudi pwani.

Waandishi wa michezo hii wataniuliza: nani atamwamini mpenzi asemaye balabala? Nitawajibu kwa Kakai Kilonzo wa Kilimambogo, aliyefariki mwaka 1987. Aliimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili, Mama Sofi ukiwa miongoni mwa nyimbo zake za Kiswahili, na ulimi wake wa Ukambani haukufichwa. Katika miaka ileile ambayo Masaku alikuwa akichekwa katika televisheni, sahani za Kilonzo zilinunuliwa na watu wa makabila yote, wakazicheza harusini.