Fundi Hufuta Diski Nzima

Kuchoma DVD kila mtu anaweza. Kuifuta hadi ikubali filamu nyingine na kuipiga bila kugandaganda, hiyo ni kazi inayotaka mtu asiye na haraka.

DVD-R huandikwa mara moja tu kwa sababu leza huunguza rangi iliyomo ndani yake. DVD-RW, ile inayofutika, haiunguzwi. Ina utando wa mchanganyiko wa madini, mara nyingi fedha, indiamu, antimoni na teluriamu. Leza ikirekodi, huyeyusha kidoa kidogo mno kwa joto la nyuzi 500 hadi 700 hivi, nacho hupoa ghafla kabla chembe zake hazijajipanga, kikabaki kimefifia. Ikifuta, leza hiyohiyo hupunguza nguvu: nyuzi 200 na ushei zinatosha. Hakuna kinachoyeyuka, chembe hujipanga upya, utando ukang'aa. Aliyefungua njia ya maarifa haya miaka ya 1960 ni Stanford Ovshinsky wa Akron, Marekani, mkereza vyuma ambaye hakusoma chuo kikuu. Mafundi wa vichochoroni wana haki ya kumwita wao.

Sasa mtazame fundi wa video za harusi anayejaribia kazi kwenye DVD-RW kabla ya kumtolea mteja nakala. Programu humpa njia mbili. Ile ya haraka hufuta orodha tu, na bibi harusi wa wiki jana angali mzima humo ndani. Ya pili hupita diski yote. Kwa kasi ya 1x hula karibu saa nzima. Fundi huchagua hiyo, akanywa chai yake. (Diski za aina ya DVD+RW hazidai hata kufutwa kwanza, huandikiwa juu kwa juu.) Ikitoka, huiinamisha kwenye taa ya tyubu: ile pete iliyoonyesha filamu ya zamani iliishia wapi haipo tena. Akiona alama ya kidole, hupangusa kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe hazungushi. Mkwaruzo unaokatiza njia ya leza deki huweza kuurekebisha. Unaofuata njia hiyo huharibu data mfululizo.

Baada ya hapo hurekodi taratibu, kisha huifunga diski, maana deki nyingi za sebuleni haziisomi ikiachwa wazi. Mwisho huijaribu kwenye deki kongwe kuliko zote alizonazo. Hapo ndipo namvulia kofia. DVD ya filamu ya dukani yenye tabaka moja hurudisha angalau asilimia 45 ya mwanga. DVD-RW hurudisha kati ya 18 na 30 tu, na deki ya zamani huweza kuidhania diski ya tabaka mbili, ikaikataa.

Watengenezaji huahidi takriban mara 1,000 za kufuta na kuandika. Diski ikianza kuganda hata baada ya kufutwa yote, iache. Na kama nakala pekee ya harusi yako iko kwenye DVD-RW, ihamishe leo.