Stelingi Anapiga, Kisa Kiko Wapi?

Vijana wa Simbo na Ujiji wanaandika, tena sana, kwenye kaunta buku zao, na hadithi nyingi zina sura moja: stelingi anashuka garini, watu kumi wanamzunguka, watu kumi wanalala chini. Ukiuliza walikosana nini, mwandishi anakutazama kama umemuuliza bei ya maji ya ziwa. "Kaka, we cheki ngumi kwanza!" Haya, tuzicheki.

Utetezi wao ni Bruce Lee. Kisa cha Enter the Dragon (1973) kinatosha nyuma ya tiketi ya basi: mtu anatumwa kisiwani kwenye mashindano ya ngumi ampeleleze tajiri muovu. Chembamba, nakubali. Lakini tazama pambano la Lee na Oharra. Tumeshaonyeshwa kwamba dada yake Lee alijiua kwa kipande cha kioo baada ya kubanwa na Oharra na genge lake. Basi Lee anapomrukia na kumkanyaga, kamera inang'ang'ania uso wa Lee, na uso ule unakunjamana kama wa mtu anayelia. Ngumi imeshika kazi ya kisa. Chumba cha vioo cha mwishoni, ambacho kila mtu hukisifu, mimi kinanigusa kidogo kuliko hapo. Han tunamchukia kwa kuambiwa; Oharra tumemwona.

Wapo pia wanaoshinda kwa mwili mtupu. Tony Jaa katika Ong-Bak (2003) anatafuta kichwa cha sanamu kilichoibwa, basi, na bado banda zima hunyamaza, maana jamaa anaruka mwenyewe bila kamba.

Halafu washkaji husahau kitu. Wengi wetu picha hizi hatukuzipata kavukavu. Zilipitia mdomoni mwa watafsiri kama Lufufu, aliyeweka Kiswahili juu ya picha, akieleza, akitania, akiongeza ya kwake. Pale mwandishi wa filamu alipokuwa mvivu, Lufufu alifanya kazi. Mtu anatoka bandani akisema kisa hakina haja, kumbe amelishwa kisa tangu mwanzo hadi mwisho!

Kitabuni ni kugumu zaidi, kwa kuwa karatasi haina misuli. Willy Gamba wa Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona (1974), hana kina kirefu: bastola, wanawake, mkono mwepesi. Lakini nyaraka anazozifuata hadi Nairobi ni za ukombozi, na msomaji wa mwaka ule, mwenye Kamati ya Ukombozi ya OAU pale pale Dar es Salaam na vita ya Msumbiji jirani, hakuhitaji kuelezwa kitakachotokea Willy akishindwa. Hofu ilikuwa tayari mtaani, Musiba akaiazima. Anayemwiga leo anachukua bastola na wanawake. Ile hofu anaiacha, kwani haikuchapwa ndani ya kitabu. Na Ben Mtobwa, mtu wa mkoa wetu huu wa Kigoma, alimkimbiza Joram Kiango kwa kasi hiyo hiyo, lakini Dar es Salaam Usiku (1990), moja ya kazi zake zinazotajwa sana, aliiandika bila Joram.

Hapa kwetu vitu vya kupigania vipo tele. Nipe ndugu wawili wa baba mmoja wanaogombea mpaka wa shamba la michikichi, mmoja ana panga na hataki kulitumia. Kofi moja hapo litanitoa jasho kuliko maiti ishirini za majambazi wasio na majina.

Majuzi nimesoma mswada wenye mapigano saba. Katika la nne, ndani ya ghala, gizani, stelingi anampiga mtu mpaka anazimia, anawasha kiberiti, anakuta ni rafiki yake. Mistari miwili tu, kisha mwandishi huyoo, kaenda kwenye la tano. Nimemrudishia daftari nikiwa nimekunja ukurasa ule.