Istilahi za Mchoro wa Aloi: "Hali", "Awamu" au "Fezi"?

Rasimu ya istilahi za elimu ya metali iliyotufikia kwa uhakiki ina mengi ya kusifiwa. Lakini katika neno moja, ambalo ndilo nguzo ya sura nzima ya aloi, tunaona kuwa imeteleza. Neno hilo hutaja kila sehemu ya dutu iliyo sare kwa muundo na kwa sifa, ikatengwa na sehemu nyingine kwa mpaka dhahiri. Waandishi wameiita "hali".

Na tuupime uamuzi huo kwa aloi ya risasi na bati, ambayo mafundi huijua kwa jina la lehemu. Katika mchoro wake, mstari wa ulalo huonyesha kiasi cha bati, na wa wima huonyesha halijoto. Risasi tupu huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Sentigredi, na bati tupu kwenye nyuzi 232. Lakini mchanganyiko wenye bati karibu asilimia 62 huyeyuka kwenye nyuzi 183 tu. Chini ya hapo aloi hiyo yote ni mango. Hata hivyo, ndani yake mna sehemu za aina mbili: zenye risasi nyingi na zenye bati nyingi. Mwanafunzi aulizwapo "hali" ni ngapi, ajibu nini? Kwa mazoea ya darasani atajibu moja. Kwa rasimu hii hana budi kujibu mbili.

Wako wanaopendelea "awamu". Neno hili limebeba wakati ndani yake: awamu ya kwanza hupita, ndipo ije ya pili. Sehemu tunazozitaja hukaa pamoja kwa wakati mmoja.

Sisi twapendekeza "fezi". Itasemwa kwamba mafundi umeme wamekwisha kulitwaa katika "fezi tatu". Ni kweli, lakini istilahi haidhuriwi na jirani wa mbali, hudhuriwa na anayekaa naye chumba kimoja. "Hali" na "awamu" zinahitajika katika sura hii hii: ya kwanza kwa mango na kimiminiko, ya pili kwa hatua za kupoa. Fezi ya umeme haina haja ya kuingia humo.

Twawaomba waandishi walitazame upya jambo hili kabla ya usanifishaji, kwani neno likishaota mizizi vitabuni, kuling'oa ni kazi.