Njia ya Msalaba ya mama mmoja wa Golf

Wahenga walisema ya kuwa mcheza kwao hutunzwa. Leo nataka kulipima neno hilo kwa habari iliyotokea katika mji wetu wa Lubumbashi, mtaani Golf. Wala sitaficha ya kuwa mimi mwenyewe nilikuwa na kosa ndani yake.

Yuko mama mmoja Mkristu, mfanyakazi wa ofisi. Sitamtaja jina, maana hakuniomba sifa. Kila jioni, akisha kuwapa watoto chakula, huketi na kazi ya mikono. Juma hili anafuma vitambaa vya viti. Juma lijalo anafua bamba la shaba nyekundu kwa nyundo na msumari butu, mpaka itokee sura ya mwanamke anayetwanga. Mara nyingine anatunga shanga za malakiti, lile jiwe la kijani la Katanga. Siku ya Jumapili, baada ya Misa, anapaka rangi. Jirani humcheka kidogo, husema, "Mama huyu hawezi kuona kitu bila kutaka kukigeuza."

Mwaka uliopita alipaka picha 14 za Njia ya Msalaba, akataka kuzitoa bure kwa kanisa dogo la parokia moja. Tulikaa watu saba kuzitazama, nasi tukasema, hizi si picha za kanisa. Tukanunua za karatasi, zilizochapwa ng'ambo, zenye fremu za plastiki. Katika kusema hivyo mimi nilikuwa wa kwanza. Mama alijibu neno moja tu, "Ndiyo, Mwalimu," akazifunga katika kitenge, akaenda zake.

Kwaresima iliyofuata nilifika nyumbani kwake kwa sala ya jumuiya, nikazikuta zimetundikwa sebuleni. Nikaomba ruhusa nizitazame tena, moja moja, pasipo haraka. Yafuatayo ndiyo hukumu yangu ya pili.

Kwanza tujue ya kuwa mama huyu hakuanza peke yake. Shaba imefanyiwa kazi katika nchi hii tangu zamani sana. Wazee wetu waliiyeyusha, wakaimimina katika umbo la msalaba mdogo, na msalaba ule ulikuwa fedha yao. Mhashamu de Hemptinne, aliyekuwa baadaye askofu wetu, aliandika habari za mafundi hao mwaka 1926, akiwaita walaji wa shaba. Tena mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua karakana ya wapaka rangi hapa mjini, wakati mji ulipoitwa bado Elisabethville. Aliwakataza wanafunzi wake kuiga picha za Ulaya. Aliwaambia watazame vitu vya nchi yao. Humo alitoka Pili Pili Mulongoy, aliyepaka samaki, ndege na nyoka kwa subira ya mfumaji. Humo alitoka Mwenze Kibwanga, ambaye picha yake yote ni mistari mifupi mifupi iliyolala pamoja kama ukili wa mkeka. Humo alitoka Bela, aliyepaka kwa ncha za vidole. Mwaka 1951 Laurent Moonens alianzisha shule ya sanaa, na Desfossés akafariki mwaka 1954.

Wengi husifu karakana ile, nami naisifu. Lakini ina upungufu wake. Mwituni mwa Pili Pili huoni bomba la moshi la kiwanda, wala reli, wala mtu anayekwenda kazini. Mwalimu wao alipenda Afrika isiyo na mji, na huku wanafunzi wake walikuwa watu wa mjini. Wapaka rangi waliokuja baadaye walijaza pengo hilo. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alipaka mwaka 1973 na 1974 picha zaidi ya 100 za historia ya Kongo: minyororo, viboko, migodi, Lumumba. Mikono yake haikuwa laini kama ya Pili Pili, lakini alikuwa na neno la kusema. Watu wa mitaa yetu walinunua picha kama zake, wakazitundika sebuleni, wakaziita ukumbusho.

Basi, Njia ya Msalaba yenyewe si ukumbusho? Tunasimama mara 14 ili tusisahau. Kwa hiyo nauliza swali moja tu mbele ya kila picha ya mama huyu: yanikumbusha mateso ya Bwana, au yanipitisha haraka kama ile ya karatasi niliyoizoea hata siioni tena?

Katika kituo cha tano, Simoni wa Kirene ni mwuza makala. Baiskeli yake, kinga yetu, imelazwa kando ya njia, magunia yamefungwa bado, na uso wake umejaa hasira ya mtu anayepotewa na siku ya kazi. Nimesoma kituo hicho miaka mingi, wala sikuwahi kufikiri ya kuwa Simoni alikuwa anatoka shambani, tena alilazimishwa. Mama huyu alifikiri. Katika kituo cha nane, wanawake wa Yerusalemu wana mabeseni kichwani. Wawili wanalia, wa tatu anamshika mtoto wake macho asione. Na Golgota ni kichuguu, kile kichuguu kikubwa chekundu tunachokiona kila upande wa mji huu, ambacho watu hukibomoa wafyatue matofali. Bwana wetu anakufa juu ya udongo uleule uliojenga nyumba zetu. Picha hiyo ilininyamazisha.

Lakini sitasifu yote, kwa maana sifa isiyo na kipimo ni dharau. Vituo vitatu vya kuanguka vinafanana mno. Ukivibadilisha mahali, hakuna atakayejua. Askari amewapaka kwa haraka, ni kofia tupu bila watu. Tena naona ya kuwa mikono yake inatawanyika: angaliacha shanga na vitambaa miezi michache, rangi yake ingalikomaa zaidi. Hata hivyo nakiri ya kuwa mabeseni yale yametoka katika nyundo ya shaba, na kanzu ya Bwana imetoka katika sindano; huenda kazi moja humlisha mwenzake.

Kosa kubwa ni uso wa Yesu. Kila mtu katika picha hizi ni mtu niliyepata kumwona njiani, ila Yeye. Uso wake ni ule wa kalenda, mweupe, laini, usio na vumbi, kama umekatwa kwa mkasi ukabandikwa. Nilimwambia mama jambo hilo waziwazi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Nilijua, Mwalimu. Nilikuwa nimempaka kwanza namna nyingine, nikamfuta. Niliogopa ninyi."

Ndugu zangu, neno hilo lilinichoma. Kosa nililolihukumu katika kazi yake lilikuwa langu. Tumesahau tuliyofundishwa? Katika kitabu cha Kutoka, Mungu alimjaza Bezaleli roho yake apate kutengeneza dhahabu, fedha na shaba. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, ulitangaza ya kuwa Kanisa halikujichagulia mtindo mmoja wa sanaa kuwa wake, bali hupokea mitindo ya mataifa yote, mradi iwe na heshima inayostahili. Na mwaka 1999 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliwaandikia wasanii barua yake mwenyewe. Sisi watu saba tulijiona tunajua heshima kuliko Mtaguso.

Kuna wengine mjini wanaofanya kazi ya kutazama. Tangu mwaka 2008 vijana wa chama kiitwacho Picha wameandaa hapa Lubumbashi maonyesho makubwa ya sanaa, na wageni hutoka mbali kuja kuyaona. Itakuwa aibu mgeni akijua mlango wa mama huyu, na parokia isiujue.

Nimekwisha kuiomba halmashauri izitazame picha upya, tena izitazame mwenyewe akiwapo, aulizwe na kujibu. Sijui wenzangu watakata shauri gani. Bali mama nilimwomba jambo moja tu: kabla hajazileta, aurudishe ule uso alioufuta.