Mkono wa Nani Uko Kwenye Vitesi? Kuitazama Upya The Fast and the Furious



Wiki iliyopita mwenzetu mmoja, tuliyemaliza naye UNIKIS na ambaye sasa anatafuta maisha Kampala, alinitumia picha ya diski ya ambrayaji. Ile ambayo ndugu zetu wa Kampala na Nairobi wanaiita klachi. Ilikuwa nyeusi kama chungu cha pondu kilichosahauliwa motoni. Chini ya picha ameandika neno moja tu: "Tena."

Ni ya pili ndani ya miezi kumi na minne. Gari lenyewe ni Toyota GT86, la spoti, milango miwili, liko chini kiasi kwamba ukishuka unajisikia mzee. Alingoja miaka kulipata. Lilipatikana na vitesi sita za mkono au la otomatiki, na yeye alichagua la mkono bila kufikiri mara mbili. Nilipomuuliza nani alimfundisha kubadilisha vitesi, alinijibu bila kucheka: "Dominic Toretto."

Basi nikaitafuta ile filamu, nikaitazama tena usiku, umeme ulipokubali. Nimerudi na malalamiko. The Fast and the Furious ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Rob Cohen, ni filamu niliyoipenda na bado naipenda. Lakini imetudanganya kwenye jambo lilelile lililotufanya tuipende: ule mkono juu ya levye. Na huo uongo si wa bahati mbaya. Kuna mtu ameibiwa hapo, na nitamtaja.

Kwanza, tukumbuke tuliiona wapi. Sisi ni watoto wa toleka. Baada ya vita ya siku sita, Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigania mji wetu, magari Kisangani ungeweza kuyahesabu kwa vidole. Watu na mizigo walipanda nyuma ya baiskeli, na baiskeli hizo hazikuwa na vitesi hata moja; vitesi ilikuwa paja la dereva. Ndipo kwenye nyumba ya video kule Mangobo, jenereta inanguruma nje, tukaletewa Los Angeles usiku: Mitsubishi Eclipse ya kijani, Toyota Supra ya machungwa, Dodge Charger nyeusi, vyote vikizungumza Kifaransa. Tulikuwa hatujawahi kukaa mbele ya usukani. Filamu hiyo ndiyo ilikuwa shule yetu ya udereva, na hatukuwa na mwalimu mwingine wa kuisahihisha.

Mimi nilikuwa naye mmoja. Mjomba wangu, shoferi wa lori wa njia ya Ituri, alikuja siku moja kunitafuta pale ndani, akakaa dakika kumi kusubiri eneo la mbio liishe. Kila mtu alikuwa anapiga kelele. Yeye alitikisa kichwa, akasema: "Uyu mutoto iko anapigana na motere. Motere unaisikilizaka, haupiganake nayo." Nilimwonea aibu. Nilifikiri ni mzee asiyejua mambo ya kisasa.

Sasa tazameni lile eneo kwa utulivu. Brian, anayechezwa na Paul Walker, yuko ndani ya Eclipse. Ni mbio za mstari ulionyooka, kama mita 400. Eclipse ya aina ile ina vitesi tano. Kwa umbali huo unahitaji kubadilisha mara tatu, pengine nne, basi. Lakini hesabu mwenyewe mara ambazo kamera inatuonyesha mkono unasukuma levye na mguu unakanyaga ambrayaji. Utadhani gari lina vitesi kama ngazi za mnara. Kila mara mhariri wa filamu anapotaka moyo wetu udunde, anatupa mkono, levye, mguu, kelele. Kwenye kompyuta maonyo yanawaka, sakafu ya gari inachomoka. Vitesi si chombo tena. Ni ngoma ya kuchezesha watazamaji.

Hilo ningelisamehe, sinema ni sinema. Kisichosameheka ni somo linalofuata. Brian ameshindwa, na Toretto (Vin Diesel) anamkemea mbele ya watu kwamba anabadilisha vitesi kama bibi kizee, tena hakanyagi ambrayaji mara mbili inavyotakiwa. Umati unacheka. Kuanzia siku hiyo vijana wa dunia nzima, pamoja na mwenzetu wa Kampala, wakajua kwamba mwanaume wa kweli anakanyaga mara mbili.

Bon. Kukanyaga mara mbili ni kitu gani? Ndani ya bwati ya vitesi kuna gia zinazozunguka kwa kasi tofauti. Ukitaka kuziunganisha, lazima kasi zao zikaribiane, la sivyo zinasagana na utasikia kilio cha chuma. Katika malori mengi ya zamani hakuna kitu cha kuzisaidia zikubaliane. Shoferi mwenyewe ndiye anapatanisha: anakanyaga ambrayaji, anatoa vitesi na kuiacha katikati, anaachia ambrayaji, anasubiri motere ishuke au anaipandisha kidogo kwa gesi kama anarudi chini, anakanyaga tena, ndipo anaingiza. Yote hayo kwa sikio. Mjomba hakuwahi kutazama kipimo cha mzunguko. Nafikiri cha lori lake kilikufa kabla sijazaliwa.

Gari la spoti la Kijapani la miaka ya 1990 halihitaji hayo. Ndani yake kuna sinkro, vipete vinavyosawazisha kasi ya gia kabla hazijashikana. Ukikanyaga mara mbili wakati unapanda vitesi kwenye mbio, unapoteza muda. Yaani Toretto, bingwa wa mtaa, anamkemea mwenzake kwa kutofanya jambo ambalo lingemchelewesha zaidi! Maneno yana ladha, ndiyo maana yalibaki vichwani. Lakini si ufundi wa gari lile. Ni ufundi wa lori.

Na hapo ndipo nilipoacha kucheka, kwa sababu filamu hii ina malori. Mnakumbuka hadithi yenyewe inaanzia wapi? Honda Civic nyeusi zinalizunguka lori barabara kuu usiku na kuliteka kwa ajili ya vifaa vya elektroniki. Brian ni polisi aliyejificha. Anatafuta hao wezi, na wezi ni Toretto na familia yake. Shoferi wa lori hana jina. Hana familia, hana historia. Anapata nafasi yake mwishoni tu, pale mmoja wao alipochoka kuibiwa, akabeba bunduki, na kumpiga mtekaji aliyening'inia kwenye lori lake. Filamu inataka tumwonee huruma nani? Mtekaji. Nikiwa mtoto nilimwonea huruma mtekaji. Nililia karibu.

Fikirieni jinsi mambo yalivyopangwa. Yule shoferi asiye na jina, kwenye lori zito la Kimarekani ambalo bwati yake kwa kawaida haina sinkro, ndiye mtu pekee katika filamu nzima ambaye kukanyaga mara mbili ni kazi yake ya kila siku. Filamu imechukua ufundi wake, ikauweka mdomoni mwa mtu anayemwibia. Elektroniki zilikuwa wizi wa pili.

Labda mtu wa kwingine ataniambia nimetia chumvi. Mtu wa Kisangani hataniambia hivyo. Tunaijua njia namba 4: Bafwasende, Niania, Mambasa, Komanda. Tunajua sukari na sabuni zetu zinafikaje. Tunajua mwaka 2021 misafara ya magari ilishambuliwa na kuchomwa kwenye njia ya Komanda kwenda Luna. Mjomba wangu alisimamishwa porini mara moja na watu wenye silaha, wakachukua kila kitu mpaka viatu, akaendesha mpaka Niania bila viatu. Hajawahi kusimulia kama filamu. Alisema tu kwamba pedali ya ambrayaji ilikuwa ya moto.

Turudi kwa mwenzetu na GT86 yake. Mwaka jana nilikwenda Kampala kwa shughuli za matibabu, akanipa ufunguo kwa ukarimu. Mimi nilijifunza kwa mjomba, usukani kushoto, levye mkono wa kulia. Uganda wanaendesha upande wa kushoto, usukani uko kulia. Mara tatu za kwanza nilipotaka kubadilisha vitesi, mkono wangu wa kulia uligonga mlango. Hiyo ni aibu yangu, naikiri. Kurudi nyuma pia kunahitaji kuinua kipete kidogo chini ya kichwa cha levye. Nilihangaika dakika nzima huku boda boda wananitazama. Lakini baada ya siku mbili mkono wa kushoto ulijua njia. Ule mshiko mfupi wa levye, namna vitesi ya pili inavyoingia kama mlango uliotiwa mafuta, eh, nilielewa kwa nini mtu anachagua hivyo.

Kisha yeye akashika usukani, nikaogopa. Katika vilima vya Kampala, kwenye foleni, alilishikilia gari kwa ambrayaji nusu na gesi, badala ya kutumia freni ya mkono. Mguu wake wa kushoto haukupumzika kamwe. Vitesi aliziingiza kwa kupiga, kama anafunga mlango kwa hasira. Kila mara motere ilipolia, yeye alitabasamu. Alikuwa anasikia muziki wa filamu. Mimi nilikuwa nasikia diski ikiliwa.

Sasa, achague nini? Maana ameniuliza: auze, anunue la otomatiki? Vijana wetu wengi watamcheka. Kwao otomatiki ni ya wavivu. Hapo pia filamu imezeeka vibaya. Mwaka 2001 dereva mwenye mkono mzuri bado aliweza kujivunia kuishinda otomatiki. Leo bwati zenye ambrayaji mbili zinazojibadilisha zenyewe zina kasi kuliko mkono wa binadamu yeyote. Porsche ilipotoa 911 GT3 ya mwaka 2013 iliiweka bwati ya namna hiyo tu, kwa sababu ndiyo ya haraka zaidi. Wapenzi wake walinung'unika, na mwaka 2016 ikatoka 911 R, ya mkono peke yake. Waliokwenda kuinunua hawakuwa wanatafuta sekunde. Walikuwa wanataka kazi ya kufanya.

Kwa hiyo sababu ya kuchagua vitesi za mkono imegeuka kabisa. Toretto anasema: chagua ili umshinde mwingine. Hiyo sababu imekufa. Imebaki ya mjomba: chagua kama unataka kusikiliza.

Na wala si lazima twende Ulaya kutafuta ushahidi. Tunaye wa hapa Afrika Mashariki. Safari Rally ya 1973 ilishindwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Datsun 240Z, gari la spoti hasa, la vitesi za mkono, kwenye matope na mawe. Yeye na Harry Källström walimaliza na pointi sawa za adhabu. Ushindi ukapewa Mehta kwa kuwa alikuwa amekwenda mbali zaidi bila adhabu. Aliyekwenda mbali zaidi akiwa safi: hicho ndicho kipimo ambacho Hollywood haikutuonyesha Mangobo.

Je, filamu ni mbaya? Hapana. Ina joto la familia, ina picha za usiku ambazo mtoto aliyekulia bila umeme hazisahau. Supra ya machungwa iliyotumika katika filamu iliuzwa mnada Marekani mwaka 2021 kwa dola 550,000; watu hawalipi hivyo kwa kitu kisichowagusa. Mimi pia imenigusa. Ila itazameni kama hadithi ya urafiki, na mkiona mkono unaenda kwenye levye, fumbeni macho. Na lori likipita, yafungueni.

Nilimpelekea mjomba ile picha ya diski. Sasa amestaafu, yuko Kabondo, goti la kushoto linamsumbua. Aliitazama kwa muda mrefu, akasema asiuze gari. Atafute uwanja tambarare, avue viatu, asiguse gesi kabisa. Aachie ambrayaji polepole mpaka gari lianze kutembea lenyewe, asimame, arudie. Mara ishirini asubuhi, mara ishirini jioni, mpaka mguu ujue mahali chuma kinapokutana na chuma.

Nimemfikishia mwenzetu. Jana usiku amenitumia sauti. Hakuna maneno ndani yake. Ni motere inazunguka taratibu, kokoto zinasagika chini ya matairi, kimya kidogo, halafu tena kokoto. Nimemsikilizisha mjomba. Amesema bado anaachia haraka, lakini anaanza kusikia.