Misuli Inayozuia Haja Kubwa

Wengi hudhani haja kubwa huzuiwa kwa kubana tu. Kubana ni kazi ya dharura. Mchana kutwa, na usiku tukiwa usingizini, njia hufungwa hasa na msuli tusiouamuru: pete ya ndani ya mkundu, ambayo hukaa imekaza yenyewe bila kuchoka.

Pete ya nje ndiyo tunayoiamuru, kupitia mishipa ya fahamu inayotoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Ina nguvu, lakini ukiibana kwa nguvu zote, kwa kawaida haimalizi dakika moja kabla ya kulegea. Muda huo hutosha, kwa sababu puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, hutanuka na kuupokea mzigo, na hamu ya kwenda chooni ikapungua.

Linalonistaajabisha zaidi ni upimaji. Puru inapojaa, pete ya ndani hulegea kidogo kwa sekunde chache, na kilichomo hugusa ngozi yenye hisia kali iliyo chini yake. Ni hewa, majimaji au choo kigumu? Wakati huohuo pete ya nje hujikaza yenyewe. Ndiyo maana mtu mzima huweza kutoa hewa peke yake.

Hata hivyo, sifa kubwa naupa msuli unaoanzia kwenye mfupa wa kinena, ukaizunguka puru kwa nyuma na kurudi mbele, kama kombeo. Huivuta puru mbele mpaka njia ikapinda karibu nyuzi 90, na choo kigumu hakipiti hapo kwa urahisi. Ukichuchumaa na kuulegeza, njia hunyooka.

Mpangilio huu huumia sana wakati wa uzazi. Mwaka 1993 Abdul Sultan na wenzake, waliofanya utafiti London, walichapisha matokeo ya ultrasaundi: asilimia 35 ya wanawake waliojifungua kwa mara ya kwanza kwa njia ya kawaida walikuwa na jeraha kwenye pete hizo, wengi bila dalili.

Mama anayevujwa na choo, au anayeshindwa kuzuia hewa baada ya kujifungua, asifiche. Amwambie mkunga au daktari mapema. Mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga huwasaidia wengi, na pete iliyochanika inaweza kushonwa hata miaka ikiwa imepita.