Gita, metronomi na ile chupa ya Katanga

Kati ya wapiga gita wa Butembo na Beni kuko ubishi ambao haujaisha. Wamoja wanasema: pakua metronomi kwenye simu, piga nayo kila siku, mapigo yako yatanyooka yenyewe. Wengine wanajibu: hiyo ni mashine ya Wazungu, rumba na sebene haiwezi kupimwa na tik-tak. Mimi naona kila upande umeshika nusu ya ukweli. Metronomi inafaa, tena sana. Lakini namna wengi wetu tunaitumia inatuzoesha kuegemea fimbo, na siku fimbo ikiondolewa tunaanguka.

Kwanza tujue hii mashine ilitengenezwa kwa kazi gani. Johann Maelzel aliisajili mwaka 1815, akitumia wazo la fundi mmoja wa Amsterdam, Dietrich Winkel. Beethoven alikuwa kati ya watunzi wa kwanza kuandika namba zake juu ya karatasi za muziki. Kazi yake ilikuwa kumwambia mpigaji wa mbali, ambaye hajawahi kumsikia mtunzi, wimbo uende kwa mwendo gani. Ilipima mwendo, basi. Mambo ya kuifanya mwalimu wa kila siku yalikuja nyuma.

Gita yetu ilipita njia nyingine: sikio. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi kijana Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Wimbo wake « Masanga » ukatembea Afrika nzima na kufika mbali zaidi. Sikiliza ile gita vizuri. Ni mtu mmoja, kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba linashika besi, shahada inaleta sauti za juu, na kila kimoja kinaingia pale ambapo kingine kimeacha nafasi. Hakuna ngoma nyuma yake, na bado mguu wako unajua pa kukanyaga. Saa iko ndani ya mkono.

Wapiga gita wa Katanga wa wakati ule walikuwa pia na msaidizi: chupa. Rafiki anakaa pembeni, anaigonga. Kenya ni vile vile, George Mukabi anakumbukwa pamoja na chupa yake ya Fanta. Wale wanaosema kushika mapigo na chombo cha nje ni jambo la kigeni wasahihishe hapo. Wazee wetu walikuwa na kitu cha kuwachunga. Tofauti ni mbili. Chupa inaweza kupiga mchoro, wenye mapigo marefu na mafupi, wakati metronomi inarudia kitu kile kile. Halafu anayeshika chupa ana masikio: ukichelewa anakutazama, ukichangamka anachangamka nawe. Metronomi haikusikii. Iko kama hakimu ambaye anasema hukumu moja tu, na ndiyo sababu anaaminika.

Na sisi tunahitaji huyo hakimu kwa sababu gani? Angalia sebene. Gita ya akompanyema, mi-solo, solo na besi zinasukana kama mkeka. Uzuri hautoki kwa gita moja, unatoka kwa nafasi ambazo kila mmoja anamwachia mwenzake. Tufanye hesabu kidogo. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni nusu sekunde. Ukiligawa mara nne, kila noti ndogo inapata sehemu 125 za elfu ya sekunde. Mtu wa mi-solo akitangulia kwa kipimo hicho tu, tayari amekanyaga nafasi ya mwenzake. Msikilizaji hajui kosa liko wapi, anasema tu « hii orkestra haichezeshi ».

Sasa nifike kwa lawama yangu. Wengi wanaweka metronomi igonge kila pigo, wanapiga skeli juu na chini dakika kumi, wanafurahi. Hapo mashine ndiyo inafanya kazi. Wewe unafuata tu, unasahihisha kila nusu sekunde bila kujua kama ulikuwa umepotea. Ni sawa na mwanafunzi anayefanya zoezi huku jibu liko mbele yake. Ile ngoma ya ndani ya kinanda, ambayo korali nyingi zinaitegemea, ni mbaya zaidi: inajaza kila nafasi, inaficha makosa, na siku umeme unakatika katikati ya wimbo kila mtu anabaki na mwendo wake.

Dawa ni kuifanya mashine iseme kidogo kidogo. Wimbo wako uko kwa 120? Weka metronomi kwa 60, na ile tik uisikie kama pigo la pili na la nne. Siku za kwanza utachanganyikiwa, ni kawaida. Ukizoea, shusha mpaka 30: tik moja tu kwa kila hesabu ya nne, kimya cha sekunde mbili. Metronomi za zamani za mbao zilianzia 40, lakini programu nyingi za simu zinashuka chini ya hapo. Katika kile kimya ndipo unajijua. Tik ikirudi na wewe uko mbele, unakimbia. Ikirudi kabla yako, unavuta. Hakuna mwalimu atakuambia wazi kuliko hivyo. Na acha skeli, chukua mzunguko mmoja wa akompanyema, uurudie.

Jaribio lingine ni kujirekodi na simu bila metronomi. Pima mwendo wa mwanzo, halafu wa mwisho. Umeanza kwa 100, umemaliza kwa 112? Hesabu ya nne imetoka sekunde 2.4 mpaka karibu 2.14. Hapo lazima ujiulize: nilitaka? Kwa maana rumba yetu ina haki ya kuchangamka wakati sebene inaingia. Kuchangamka kwa makusudi, wote pamoja, ni sanaa. Kukimbia bila kujua ni woga.

Kwetu hili jambo si la mapambo. Tangu Ebola ya 2018, halafu hali ya kuzingirwa ya Mei 2021, pamoja na mauaji ambayo hayajaacha wilaya ya Beni, kukutana jioni kwa mazoezi kumekuwa kugumu. Wengi wanapiga peke yao chumbani, wanakutana siku ya ibada au ya harusi tu. Mtu akikaa peke yake muda mrefu anazoea mwendo wake mwenyewe. Tena studioni mambo hayana huruma: unavishwa kaske, tik inaanza, ukishindwa kukaa nayo fundi anapanga gita ya kompyuta mahali pako. Hapo tunapoteza pesa, na tunapoteza pia sauti ya mikono yetu.

Lakini tusidanganyane. Metronomi haitakupa utamu. Haitakufundisha kuchelewesha noti kidogo mpaka watu watabasamu, wala kunyamaza ili mwenzako aongee. Hayo unayapata kwa kusikiliza Franco, Docteur Nico na Mwenda mara mia, na kwa kupiga na watu. Ndiyo maana napendekeza: dakika 15 na mashine inayosema kidogo, halafu mwite jirani, mpe chupa na kijiko, agonge. Mashine itakuambia kama umekosea. Jirani atakuambia kama anataka kucheza.

Wenzetu wa korali na wa orkestra, ninyi mnafanya namna gani? Tuandikieni hapa chini, tubishane vizuri.